Ruzuku Si Zawadi ya Jana

Kwenye chama hakuna anayeuliza nani anastahili. Mko kumi, kila mwezi mnachanga, orodha ya zamu iko wazi. Mwezi huu mmoja anaongeza stoki ya mitumba, mwezi ujao mwenzake analipa karo. Benki nayo haijui mambo ya zamu. Benki inataka kujua ulikopa nini juzi, ulilipaje, na una shamba gani la kuweka rehani.

Sasa, pesa za utafiti wa sayansi zigawanywe kama chama au kama benki?

Nauliza kwa sababu sehemu ya riziki yangu hutoka huko. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini wale walioendelea hunilipa niwanyooshee lugha na hoja kwenye maombi yao ya ruzuku. Fomu hizo nazijua sasa. Kuna kurasa zinazouliza utafanya nini, na kuna kurasa zinazouliza wewe ni nani: umechapisha makala ngapi, umewahi kupata ruzuku gani, umesimamia wanafunzi wangapi. Na ukilalamika unaambiwa eti hapo ndipo penye haki, manake namba hazina jinsia.

Hebu tuangalie hizo namba.

Mwaka 1995 nchini Uswidi, watu 114 waliomba ufadhili wa baraza la utafiti wa tiba: wanaume 62, wanawake 52. Waliopewa walikuwa 20, na kati yao wanawake 4 tu. Wanasayansi wawili, Christine Wennerås na Agnes Wold, wakataka kuona alama walizotoa wakaguzi. Ikabidi waende mahakamani ndipo wakafunguliwa mafaili. Walichapisha walichokiona katika jarida la Nature mwaka 1997: ili apewe alama sawa na mwanamume wa kawaida, mwanamke alihitaji kuwa na kazi nzito mara 2.5 ya mwenzake. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Mkenya hahitaji kufafanuliwa: ukijuana na mkaguzi, alama zilipanda.

Lakini mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Kanada. Mwaka 2014 shirika la taifa linalofadhili utafiti wa afya liligawa mfuko wake njia mbili. Njia moja iliwaambia wakaguzi waangalie hasa wazo la utafiti. Nyingine iliwaambia waangalie hasa mtafiti mwenyewe na uwezo wake. Mwaka 2019, uchambuzi wa maombi karibu 24,000 ulitoka katika The Lancet. Pale wakaguzi walipopima wazo, wanaume waliwazidi wanawake kwa pointi 0.9 tu za asilimia. Walipopima mtu, pengo likafika pointi 4.

Nchi ni ile ile, shirika ni lile lile. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa wakaguzi.

Hapo ndipo naona kosa la benki. Rekodi ya mtafiti inasomwa kama kipimo cha akili yake, kumbe ni pia risiti ya pesa alizowahi kupewa. Aliyepata ruzuku ya kwanza alinunua vifaa, akaajiri wasaidizi, akachapisha. Makala hizo zikamletea ruzuku ya pili. Aliyekosa mara ya kwanza kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, au kwa sababu hakuna aliyemjua kwenye jopo, anarudi miaka mitano baadaye akiwa na ukurasa mweupe, na ule weupe unageuzwa ushahidi dhidi yake.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Pesa ni za walipa kodi. Anayezitoa lazima ajue kama mtu ataweza kumaliza kazi. Na kusema kweli, hakuna anayetaka chanjo iliyotengenezwa na mtu eti kwa kuwa zamu yake imefika. Sayansi si chama. Nakubali.

Ila tukikataa zamu, tusijidanganye kwamba kilichobaki ni sifa tupu. Katiba yetu, Ibara ya 27, imetuzoesha kuhesabu vichwa: thuluthi mbili huku, thuluthi moja kule. Ni mwanzo mzuri, lakini unaweza kujaza jopo wanawake na wakaendelea kuuliza swali lile lile bovu. Na tusitoe jina la Wangari Maathai kila mjadala huu ukianza. Kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971, kunaonyesha ukubwa wake. Hakuonyeshi kwamba mlango ulikuwa wazi.

Haki, kwa maoni yangu, ni kupima kile unachokinunua. Ruzuku inanunua kazi ya kesho, kwa hivyo wazo lisomwe kwanza, na mtu aulizwe tu kama ana uwezo wa kulifanya. Miaka ihesabiwe ile aliyoweza kufanya kazi: Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto kabla ya kumfungia mlango wa kuomba. Na alama ziwekwe wazi bila mtu kwenda kortini. Hayo yanawezekana. Uchunguzi uliorudiwa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2008 haukuona tena wanawake wakinyimwa alama. Kilichobaki ni kule kujuana.

Sisi tusio wanasayansi tunahusika pia, kwa sababu anayepewa pesa ndiye anayechagua swali. Dawa ya usingizi ya zolpidem iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Ni mwaka 2013 tu ndipo mamlaka ya dawa ya huko ilipoagiza kipimo kinachopendekezwa kwa wanawake kipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa miili yao huitoa polepole zaidi. Kwa miaka zaidi ya 20 wanawake walimeza dawa, wakaamka wakiwa bado wamelewa usingizi, wakashika usukani kwenda kazini.

Swali lao lilikuwepo muda wote huo. Lilikuwa likisubiri mtu wa kuliandikia ombi, na mkaguzi wa kulisoma kabla hajafungua ukurasa wa wasifu.