NGUVU, STARA NA JICHO LA MTAZAMAJI

 

Aonekanapo mwanamke apiganaye mieleka, kisha picha yake ikauzwa magazetini, wengi wetu husema: "Nguvu ndizo zilizompoteza." Neno hili lataka kupimwa, kwani lachanganya mambo mawili.

Nguvu si aibu. Nusaiba binti Kaab alisimama siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akamkinga Mtume (S.A.W.) hata akajeruhiwa, na wanavyuoni humtaja kwa sifa. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume mwenyewe. Mwenye nguvu hujulikana kwa alitendalo.

Basi tazameni khabari ya Ronda Rousey wa Marekani, aliyepata medali ya shaba ya judo huko Beijing mwaka 2008, na mwaka 2018 akaingia mieleka ya WWE. Mwaka 2016 gazeti la michezo, Sports Illustrated, lilimtia katika jalada lake hali amepakwa rangi mwilini mahali pa nguo. Je! Katika rangi ile pana mchezo gani? Hapo hakutazamwa kwa alitendalo. Alitazamwa kama bidhaa.

Gazeti hilo hilo lilifika pwani yetu, Watamu, likampiga picha Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma. Zikatolewa mwaka 2019. Yeye alivaa vazi la kuogea lenye kufunika mwili na kichwa. Wako walioona kuwa stara imepatikana. Lakini Novemba 2020 aliiacha kazi ya maonyesho ya mavazi, akaeleza kuwa ilimvuta kidogo kidogo mbali na dini yake, hata sala zikampita. Hapa pana fundisho: nguo yaweza kufunika mwili, na mwenye mwili akawa angali sokoni.

Na hapana soko pasipo mnunuzi. Picha ya Watamu leo yafika kwa simu hata Iwawa, katika baridi ya Makete, kabla samaki wa Watamu hajafika Malindi. Aishikaye simu hiyo mara nyingi ni mwanamume, naye ndiye alaumuye. Angalieni Surat Nuur: amri ya kuinamisha macho yawaelekea wanaume katika aya ya 30, ndipo wanawake wakaamrishwa katika aya ya 31. Mpango huo si wa bure.

Mtu atasema: "Asingejionyesha, nisingetazama." Kweli, naye ana hisabu yake, lakini hisabu yake haipunguzi yako, kama vile mnywaji hasameheki kwa kuwa muuza tembo yupo.

Basi tuwafundishe binti zetu stara, wala tusiwanyime siha na nguvu. Na sisi tuanze kwa macho yetu. Halima aliacha kazi iliyompa mali na jina. Wewe waombwa kuacha kutazama tu. Lipi zito zaidi?

Wabillahi taufiki.