Hukumu ya Asiyejibu

Kila dakika, kompyuta moja katika ofisi yetu hapa Mombasa hukiuliza kila kituo tunachokilinda, kuanzia Diani hadi visiwa vya Lamu, swali lile lile: upo? Kituo kikijibu, jina lake kwenye skrini hubaki kijani. Kisipojibu, kompyuta huuliza tena, na tena, kisha hulifanya jina lile jekundu na kuniletea ujumbe kwenye simu. Nikiwa zamu, mimi ndiye ninayeamka. Nimeifanya kazi hii tangu kebo za baharini zilipofika pwani yetu mwaka 2009, na swali linaloninyima usingizi halihusu nyaya. Ni hili: asiyejibu, nina haki gani ya kumhukumu kuwa amekufa?

Programu inayouliza inaitwa ping. Aliiandika Mike Muuss, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya jeshi la nchi kavu la Marekani, mnamo Desemba 1983. Wazo alilitoa kwa nyambizi, ambazo hutuma mlio majini na kusikiliza mwangwi ukirudi. Utaratibu wenyewe wa swali na mwangwi baina ya kompyuta ulikuwa umeshachapishwa na Jon Postel mwaka 1981. Kwa hiyo kitu tunachokitegemea usiku kucha ni kidogo na kikongwe, na ni kinyofu pia, maana jibu likija linathibitisha jambo moja bila ubishi: wakati ule njia ilikuwa wazi, kwenda na kurudi.

Kukosa jibu hakuthibitishi kitu. Huenda swali lilipotea njiani. Huenda lilifika, likajibiwa, na jibu ndilo lililopotea. Huenda kituo kimeelemewa na kazi. Huenda msimamizi wake amekiamuru kisiwajibu wageni, na wengi hufanya hivyo kwa ajili ya usalama. Huenda umeme umekatika Faza na betri zimekwisha. Na huenda mimi ndiye niliyekatika, nimekaa mbele ya skrini nyekundu tupu ilhali huko nje wote ni wazima.

Vijana wanaoingia kazini hudhani kwamba programu bora zaidi italimaliza tatizo hili. Haitalimaliza. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwa hesabu kwamba, kama ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu wowote utakaozihakikishia kompyuta kufikia makubaliano ikiwa hata moja tu kati yao inaweza kufa. Mzizi wa jambo ni kwamba, kwa anayesubiri, maiti na mchelewaji ni sawasawa. Hilo halitokani na uchanga wa zana zetu. Ndivyo kusubiri kulivyo.

Basi tunafanyaje? Tunaweka muda. Ping ya Windows, usipoigusa, husubiri sekunde 4 kisha huandika kuwa muda umekwisha. Muda huo uliwekwa na mtu. Mimi pia huweka wangu, na kila ninapouweka naona uzito wake. Kutoka Mombasa hadi Lamu kwa faiba, swali na jibu huchukua milisekunde chache. Lakini kituo kinachotumia setilaiti ya zamani, ile inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, swali lake hupanda na kushuka, na jibu lake hupanda na kushuka, na hata mwanga wenyewe hauwezi kuukata mwendo huo chini ya karibu nusu sekunde. Fundi akiweka kikomo cha milisekunde 300 kwa wote, wale wa setilaiti atawaua wote wakiwa na afya njema. Hawatakuwa wamekosa lolote ila kuwa mbali.

Wanazuoni wa fiqhi walilikuta swali hili karne nyingi kabla yetu, tena kwa watu, si kwa mitambo. Ni suala la mtu aliyetoweka, asijulikane yu hai au amekufa, na mkewe yuko nyumbani anasubiri. Sisi wa pwani hatukulisoma kitabuni tu. Dada yake babangu aliolewa na baharia. Mumewe alipanda meli ya mizigo hapa Kilindini, barua zikawa zinakuja, zikapungua, zikakoma. Meli ilirudi bila yeye. Wenzake walisema aliteremka bandari ya mbali na hakuonekana tena. Watu mtaani wakagawanyika: wengine walimwambia shangazi amekufa huyo, wengine wakamwambia ameoa huko. Hakuna kati yao aliyejua.

Yasimuliwa kwamba Umar bin Khattab alihukumu mke wa aliyetoweka asubiri miaka 4, kisha akae eda ya mfiwa, miezi 4 na siku 10, na baada ya hapo awe huru kuolewa. Imam Malik aliifuata hukumu hiyo. Ali bin Abi Talib, kwa riwaya mashuhuri, alionelea kuwa huo ni mtihani uliomfika mwanamke, na asubiri mpaka ijulikane kama mumewe amekufa au amemwacha. Imam Shafii, ambaye sisi wengi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu yake, alikuwa na kauli ya miaka 4 alipokuwa Iraki. Alipohamia Misri akaiacha, akasema haolewi mpaka kifo kiwe yakini. Wahanafi walikwenda mbali zaidi: asubiriwe mpaka marika zake wamalizike. Na wao hao wakaongeza jambo ambalo mimi naliona ni la busara kubwa. Aliyetoweka ana hukumu mbili kwa wakati mmoja. Katika mali yake mwenyewe yu hai, haigawanywi. Katika mali ya wengine hahesabiwi kuwa hai, harithi, ila fungu lake huwekwa kando kungojea habari.

Tazama tofauti hiyo ilivyo pana, kutoka miaka 4 hadi umri mzima wa mwanadamu, na wote hao ni watu wa elimu na ucha Mungu. Wangekuwa wanapima kifo, wasingetofautiana kiasi hicho. Hakuna hata mmoja aliyedai kuwa mwaka wa 4 una siri ambayo wa 3 haukuwa nayo. Walikuwa wanapima kitu kingine, nacho ni nani ataumia tukisubiri na nani ataumia tusiposubiri. Muda ule haumfunulii mtu hali ya baharia. Ni huruma kwa mwanamke aliye nyumbani, au ni hadhari kwa mume anayeweza kurudi, na kila mwanazuoni alipima pande hizo mbili akajua atakwenda kuulizwa.

Kadhi aliyemsikiliza shangazi alitaka kwanza aletewe barua. Akaandika kwa wenye meli. Akawaita mabaharia waliosafiri naye, mmoja mmoja. Mwisho akaichukua kauli ya Umar, na maneno aliyomwambia shangazi yanasimuliwa kwetu hadi leo. Hakumwambia mumeo amekufa. Alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo hukumu yake ni hukumu ya aliyekufa, na eda yake ianze siku hiyo. Tarehe ilikuwa ya hukumu, si ya mauti. Mimi hulikumbuka hilo kila asubuhi ninaposoma ripoti inayosema kituo fulani kilikufa saa 8:14 usiku. Saa 8:14 ndipo kompyuta yetu ilipoamua. Kituo chenyewe kilikuwa na saa yake, na hatuijui.

Sheria ya nchi nayo imepita njia hiyo hiyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake atachukuliwa kuwa amekufa, na dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Naipenda sehemu hiyo ya pili kuliko ya kwanza.

Anayeona kwamba nimeukuza mno uzito wa kuhukumu mtambo, namkumbusha yaliyowapata GitHub, wahifadhi wa kazi za waandishi wa programu duniani kote, tarehe 21 Oktoba 2018. Katika matengenezo ya kawaida, mawasiliano kati ya kituo chao cha pwani ya mashariki ya Marekani na kitovu cha mtandao wao yalikatika kwa sekunde 43. Programu zilizokuwa zikilinda hifadhidata zikaamua kuwa wakuu wa mashariki hawapo tena, zikatawaza wengine magharibi. Lakini wa mashariki walikuwa hai, na walikuwa na maandishi ambayo wa magharibi hawakuwahi kuyapokea. Njia ilipofunguka, kila upande ulikuwa na kumbukumbu ambazo mwenzake hanazo. Sekunde 43 za kimya zilizaa saa 24 na dakika 11 za huduma mbovu. Mafundi huliogopa jambo hili kuliko kufa kwa mtambo kwenyewe: mtambo mmoja uliodhaniwa maiti na mrithi wake, wote wawili wakishika kiti. Ndiyo mke aliyeolewa kisha mumewe wa kwanza akabisha hodi. Mafakihi waliijadili siku hiyo ya hodi kwa kirefu, mke ni wa nani, mahari ni ya nani. Walijua kuwa hukumu inayotolewa kwa ajili ya kimya lazima ijiandae kwa sauti.

Baadhi ya programu zetu zina adabu hiyo. Nagios, ambayo Ethan Galstad aliitoa mara ya kwanza mwaka 1999 ikiwa na jina jingine, haimwiti mtu maiti kwa kosa la kwanza. Mara ya kwanza ni shaka tu. Hurudia kuuliza kwa idadi tuliyoipanga, na mpaka hapo haimwamshi mtu. Pia hutaka uieleze nani yuko nyuma ya nani. Ukiieleza, mnara wa Mokowe ukianguka, haitasema kwamba zahanati zilizo nyuma yake zimekufa. Itasema hazifikiki. Na kwa huduma isiyoweza kupimwa, ina hali rasmi ya kusema haijulikani. Mwaka 2004 watafiti huko Japani walipendekeza njia isiyotoa hukumu kabisa, bali hutoa kiwango cha shaka kinachopanda kadiri kimya kinavyorefuka, na kumwachia mwenye shughuli aamue ni wapi shaka inamtosha.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika pwani ya Afrika Kusini, tofauti hiyo ya kufa na kutofikika ilitufaa sana. Majina ya mitambo ya Afrika Kusini, ambayo nayo tunaiuliza, yalikuwa mekundu safu nzima, yaliyobaki yakijibu kwa kujikokota kwa sababu njia chache zilizosalia zilifurika. Simu zililia mchana kutwa, kila anayepiga akisema intaneti imekufa. Haikuwa imekufa. Mitambo ya kule ilikuwa inanguruma katika vyumba vyake vya baridi. Barabara ndiyo iliyokatika, na mwenye kukatika barabara hapaswi kutangaza msiba wa mji.

Nimewahi kusikiliza mawaidha yanayofananisha dua na mtandao: omba, usubiri jibu, ukikosa angalia nyaya zako. Mafananisho hayo siyapendi. Yanamfanya Mola kuwa mtambo wa kupimwa na mja kuwa fundi mwenye saa mkononi. Hata hivyo, kuna jambo katika Kurani ambalo kazi hii imenifunza kulisoma kwa makini. Wahyi ulipokatika kwa muda huko Makka, wapinzani wa Mtume walitangaza kuwa Mola wake amemtupa. Sura ya Adh-Dhuha ikashuka kuwakanusha. Ninaloliona ni kwamba waliotoa hukumu hawakuwa ndio wanaosubiri. Aliyekuwa akisubiri alikuwa Mtume, na uchungu ulikuwa wake. Wao walijipangia muda wasioukalia, wakausoma mwisho wake wapendavyo.

Hilo ndilo kosa ninalolipiga vita kazini. Muda wa kusubiri katika programu nyingi umewekwa na mtu wa mbali, kwa mitambo ya mbali, naye hatajua kamwe kwamba nyuma ya jina fulani jekundu kuna muuguzi kisiwani Pate anayetaka kumtumia daktari wa Mombasa picha ya mgonjwa. Muda mfupi mno utatufanya tumhamishe muuguzi huyo kutoka njia nzima hadi njia mbovu kila mawimbi ya redio yanapoyumba. Muda mrefu mno utamwacha akae na skrini tupu huku sisi tukijiliwaza kwamba bado hatuna yakini. Hakuna hesabu itakayotuondolea uchaguzi huo, na mimi sikubali kuufanya bila kumuuliza yeye kwanza: ukikatikiwa, unaweza kungoja kiasi gani kabla jambo halijaharibika?

Wewe unayeendesha mtandao wa shule, wa zahanati au wa msikiti, fungua programu yako leo, utafute mahali palipoandikwa muda wa kusubiri. Kama hujui ni nani aliyeuweka, waulize wanaosubiri upande wa pili, uuweke upya, na uandike jina lako kando yake.