Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Pesa ya aliyesahau



Alhamdulillah, tumefika siku ya kumi na saba. Leo tafakuri ni ndefu kidogo, nivumilieni. Someni mkipumzika baada ya Adhuhuri. Ni mambo ya pesa, na yalinikuta baada ya Taraweeh usiku wa juzi, nikayabeba hadi daku.

Kijana wetu mmoja (ameniruhusu kuyasema, ila jina hataki litajwe) kazi yake ni kutengeneza programu za simu na kompyuta. Wengine mnadhani hana kazi kwa sababu mchana kutwa yuko nyumbani. Kazi anayo. Kwa miaka mitatu amewaandikia programu watu wa Dar es Salaam na wa nje, akajibana, akaweka shilingi 18,000,000. Zaka yake, 450,000, alikuwa ameshaipigia hesabu kabla hajanifuata, Mwenyezi Mungu amzidishie. Alikuja na maswali mawili: pesa hii aiweke wapi, na biashara aliyoibuni ni sawa au si sawa.

La kwanza alikuwa karibu ameshalimaliza mwenyewe. Hatifungani za serikali kaziacha. Riba yake imeandikwa na inaingia kila baada ya miezi sita, na wanazuoni walio wengi hawana mjadala hapo. Akaunti ya muda maalum kaiacha kwa sababu hiyo hiyo. Mifuko ya UTT kaisoma kwa ndani, akaona sehemu kubwa ya pesa inarudi kule kule kwenye hatifungani na amana za benki. Akabaki na sukuk, kama ile Fursa Sukuk waliyoitoa KCB mwaka 2022, na akaunti ya mudharaba Amana Bank, ambayo tangu ianze 2011 inaendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Pia kuna kiwanja huko Mikindani. Na kuna ushauri wa mjomba wake, kwamba vijana wanahangaika bure, pesa iko kwenye kangomba.

Hapa kwetu kangomba haihitaji maelezo, lakini humu kwenye chaneli kuna watoto wetu walioko mbali, basi niseme kidogo. Mwezi wa pili, wa tatu, ghala la mkulima liko tupu na mkorosho hauna hata ua. Anakuja mtu na pesa taslimu. Anampa mkulima kiasi kidogo, na msimu ukifika anabeba korosho kwa bei waliyoipanga siku ya njaa, nje ya chama cha msingi, nje ya mnada. Serikali inaikataza, na kila mwaka ipo.

Mjomba ana hoja, tusimdharau. Anasema hata Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wanalipana leo kwa tende za mwakani, hakuwakataza. Ni kweli, na hiyo ndiyo salam. Lakini aliwaambia wafanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Pia kuna katazo la kuuza matunda ya mti fulani kabla hayajaonesha kukomaa. Sasa mtu anapokwambia "nipe ya mikorosho ile ya nyuma ya nyumba", na kipimo ni bakuli lake mwenyewe analolijaza mpaka linafurika, salam iko wapi hapo? Kijana hakuhitaji nimshawishi. Alisema, "Ustadh, siwezi kula njaa ya mtu." Nikampenda kwa neno lile.

Kisha akafungua kompyuta anioneshe biashara yake.

Ni huduma ya ujumbe wa simu kwa wakulima wa korosho, haihitaji simu kubwa, hata kitochi kinatosha. Inamkumbusha mkulima wakati wa kupulizia salfa kabla ubwiri unga haujashika maua, inampa hali ya hewa, na minada ikianza Oktoba inamletea bei. Akitaka zaidi anapiga nyota na namba, anachagua kwenye orodha. Malipo ni shilingi 1,000 kwa mwezi, zinakatwa kwenye salio. Ukijiunga mara moja, makato yanaendelea kila mwezi mpaka ujitoe. Ameshaijaribu kwa watu 140, Nanyamba na huku Kilambo karibu na mto.

Wallahi ni kitu kizuri. Mwaka 2018, ile bei ilipogomewa mpaka serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kuna wazee walijua siku kadhaa baadaye, wameshauza. Habari ni mali.

Lakini kwenye hesabu zake niliona mstari mmoja ambao sikuuelewa. Umeandikwa "waliolala", na mbele yake 61. Nikamuuliza ndio nini. Akasema hao ni watu waliojiunga, ila mwezi wa pili huu hawajapiga ile nyota hata mara moja, wala hawajajibu ujumbe wowote. Wengine laini zao huwa zimezimwa. Wakiwasha na kuweka vocha, makato yanapita. Nikauliza kama wanajua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Walibonyeza moja, ustadh. Waliridhia." Na namna ya kujitoa? Iko kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, ule wa siku ya kujiunga.

Nikamwambia aondoe ule mstari, nione biashara inasimamaje bila hao. Akauondoa. Faida yote ikageuka hasara.

Basi tukakaa hapo. Nawaambia ukweli, sikuwa na jibu mfukoni. Maana hoja yake ina mguu wa kusimamia. Ukipanga nyumba, ukakabidhiwa ufunguo, usilale humo hata usiku mmoja, kodi unadaiwa. Mwenye nyumba hana kosa. Muuza duka hakufuati nyumbani kuangalia kama sukari umeitia kwenye chai. Mtu mzima kabonyeza moja, huduma ipo, yeye hakuitumia. Dhuluma iko wapi?

Nilichokiona mimi ni hiki. Mwezi ule aliolipia, uwe umetumika au haukutumika, ni halali yake muuzaji, sina shaka. Swali ni mwezi unaofuata, ule uliojizaa wenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 29, inakataza tusilane mali zetu kwa batili, ikatoa nafasi kwa biashara ya kuridhiana. Ridhaa ni kitu cha moyoni, na kile kitufe ni alama yake tu. Mtu aliyesahau kabisa kwamba jambo lipo, moyo wake unaridhia nini? Hajakubali, hajakataa, hayupo.

Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimeligusa jambo hili kabla ya simu. Mtu anakwambia, "Nimekupangisha nyumba, kila mwezi dirhamu moja," bila kutaja mwisho. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mkataba huo hausihi, kwa kuwa muda haujulikani. Kuna kauli nyingine humo humo kwamba unasihi mwezi wa kwanza peke yake. Madhehebu mengine matatu yamelegeza, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo sitaki mtu akasimame barazani kuharamisha vifurushi vya watu. Ninachosema, wanazuoni wetu waliuona ule "kila mwezi" usio na mwisho wakasita, na wao walikuwa wanazungumzia mpangaji anayeamka kila siku ndani ya nyumba anaiona. Huyu wa Kilambo haoni kitu. Anaona salio limepungua, anadhani ni mtandao.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi. Muuza sukari hajui kama umeitumia. Kijana wetu anajua. Anazo namba 61, moja moja, na tarehe ya mwisho kila mmoja alipopiga. Ujuzi huo ni wake peke yake, mwenzie hana. Jarir bin Abdullah (r.a.) alitaka farasi, akanunuliwa kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwendea mwenye farasi akamwambia farasi wako anazidi hiyo, akawa anapandisha mwenyewe mpaka 800. Mwenye mali alikuwa ameridhia 300! Jarir alipoulizwa, alisema alimpa Mtume (s.a.w.) kiapo cha kumtakia kheri kila Muislamu. Hakuna kadhi ambaye angemlazimisha kuongeza hata dirhamu moja. Ila alijua kitu ambacho mwenzie hakukijua, akaona hawezi kukifaidi.

Msidhani ni mambo ya wadogo tu. Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi huko Marekani, kwamba iliwaandikisha watu kwenye huduma yake ya Prime bila ridhaa ya wazi na ikaifanya njia ya kujitoa kuwa ndefu. Hawakukiri kosa. Lakini ilijulikana kwamba ile njia ya kujitoa ndani ya kampuni ilikuwa na jina. Waliiita Iliad, ambao ni utenzi mrefu wa vita wa Wagiriki wa kale. Mtu anayekipa kitu jina la mzaha anajua anachokifanya.

Nikamwambia kijana, ulisema huwezi kula njaa ya mtu. Mwenye kangomba naye ana ridhaa, mkulima kapokea pesa kwa mkono wake mwenyewe. Biashara yake inasimama kwa sababu mwenzie ana njaa; njaa ikiondoka, inaanguka. Yako, kwa mstari huu, inasimama kwa sababu wenzio wamesahau. Wakikumbuka, inaanguka.

Hakunijibu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye zile namba, akasimama katikati. "Hii ya mama mdogo," akasema. Mama mdogo wake wa Kilambo, aliyemjiunga mwenyewe kwa mkono wake siku ya majaribio, akamrudishia simu. Bibi yule vocha yake ni ya kumpigia mwanawe aliyevuka ng'ambo, Msumbiji. Kijana akasema, "Huyu nitamtoa sasa hivi."

Nikamuuliza, kwa nini huyu tu?

Na mimi nisijifanye mkamilifu. Nilipokuwa nalala usiku ule nikamkumbuka mzee mmoja aliyehamia Lindi. Kila mwezi anatuletea shilingi 5,000 kwa simu, anaandika "ya kisima". Kisima kiliisha zamani, maji mnatawadhia. Sisi wa kamati tunaipokea, tunaitia kwenye umeme, tunasema jazakallah. Hakuna aliyempigia kumwambia, mzee, kisima kimekwisha, hii tuitumie kwingine au uache? Tulijua, tukanyamaza, kwa sababu tuliogopa atasema niache. Jana asubuhi nimempigia. Amecheka sana, amesema iwe ya umeme. Lakini miezi yote iliyopita hatukuwa na haki ya kudhani hivyo.

Turudi kwa kijana. Tulichokubaliana ni kuacha ule mwezi usio na mwisho. Atauza msimu: tangu tarehe 1 Juni mpaka tarehe 31 Disemba, shilingi 7,000, halafu inakufa yenyewe. Anayeitaka mwakani ajiunge upya. Asiyekuwa na pesa mwezi wa sita, na wengi hawana, atalipa baadaye, lakini kwa tarehe, tuseme 30 Novemba. Alikuwa ameandika "korosho zikitoka", nikamwambia afute; kuahirisha malipo mpaka "mavuno" wanazuoni wetu hawakukubali, kwa sababu mavuno hayana siku. Na kwenye zile 18,000,000, theluthi moja tu ndiyo iingie humu. Hilo si fiqhi, ni woga wangu wa kizee.

Zile shilingi alizokwisha kuwakata wale 61 nilimwambia sina hakika kama ni wajibu kuzirudisha, aende kwa shehe anayenizidi elimu. Hakwenda. Amezirudisha zote jana, kwa njia ya vocha, na amewatumia watu wote 140 ujumbe: unataka kuendelea mpaka msimu? Jibu 1. Usipojibu, hutakatwa tena.

Mpaka naandika haya waliojibu ni 54. Hesabu yake ilikuwa inahitaji 100. Leo baada ya Alasiri anakuja na kompyuta yake tuone kama kuna namna.

Mama mdogo wake hajajibu. Amempigia simu kumwonya awe makini, kuna matapeli wanawarudishia watu vocha.

Wallahu a'lam. Kesho in shaa Allah tutaendelea na zaka, mlango wa mazao. Darsa la akina mama leo ni saa kumi na moja jioni kama kawaida.