Je, Waliozaliwa Nyuma Wamepunjwa?

Wazee wa Galula, kama wazee wa kwingineko, tuna desturi ya kuwaambia vijana kwamba mambo mema yamekwisha pita, na kwamba wao wamezaliwa dunia ikiwa imechoka. Yafaa tujiulize kama maneno hayo ni ya haki.

Wataalamu wa anga wanao mfano wa kutusaidia. Nyota huzaliwa kutokana na gesi baridi inayojikusanya ndani ya makundi makubwa ya nyota yaitwayo galaksi. Je, leo zazaliwa nyingi kama zamani? Sisi katika mtaa wetu tungefunua daftari la ubatizo na kuhesabu mwaka kwa mwaka. Daftari lao ni nuru. Nuru huchukua muda kusafiri, hivyo atazamaye mbali hutazama zamani. Nuru iliyosafiri miaka milioni 100 ilianza safari katika zama za wanyama wakubwa, wale ambao mifupa yao imekutwa katika mawe yaliyopewa jina la Galula yetu.

Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu. Zikionekana mahali, twajua kuna uzazi wa karibuni, kama vile nguo za kichanga zilizoanikwa uani. Lakini vumbi huzificha nyingi, kwa hiyo wataalamu hupima pia joto litokalo katika vumbi hilo. Ahesabuye kwa haki huwahesabu na waliofichika.

Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilikitazama kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, na mwaka 1996 Piero Madau na wenzake wakatoa hesabu ya uzazi huo. Hesabu hiyo, pamoja na zilizofuata, yaonyesha kwamba uzazi wa nyota ulifika kilele yapata miaka bilioni 10 iliyopita, kisha ukapungua. Leo ni kama sehemu moja ya kumi ya wakati ule.

Basi wazee tumeshinda? La. Jua letu lilizaliwa kiasi cha miaka bilioni 4.6 iliyopita, kilele kikiwa kimepita zamani. Tena lilikuta urithi. Chuma cha jembe letu na cha damu yetu kilipikwa ndani ya nyota zilizotangulia, nazo zilipokufa zikakiacha. Nyota za kwanza kabisa hazikukuta chuma hicho.

Hatusemi kwamba hakuna kilichopungua. Shamba la babu likigawanywa kwa wajukuu huwa vipande, na kijana anayajua hayo bila kuambiwa. Lakini idadi ni jambo moja, na thamani ya aliyezaliwa ni jingine. Kumsimulia kila siku karamu aliyoikosa hakumpi chakula. Kabla mzee hajamwuliza kijana kwa nini siku zake ni haba, na ajiulize kwanza: mimi niliyetangulia nimemwachia nini?