Haki ya Mwili na Adabu ya Mapumziko

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na hapana mzee wa pwani asiyemkumbusha kijana mvivu maneno hayo anapochelewa kuamka. Lakini katika kuyarudia kwetu tumeshika jua tukasahau kivuli, hata leo wako watu wengi, wake kwa waume, wanaochuma tangu jogoo la kwanza hadi usiku wa manane, miaka nenda miaka rudi, na kivulini wasikae ila siku ya kuuguzwa. Mtu wa namna hiyo husifiwa mtaani kwa bidii yake, naye huzipokea sifa hizo kama mshahara wa pili. Kumbe nafsi yake inamdai, na deni la nafsi halina msamaha. Ninanasihi, wala silaumu, kwamba kupumzika ni haki ya mwili, nayo imepasa kulipwa kila siku kwa wakati wake, kwa kiasi chake na kwa adabu yake.

Haki hii si uzushi wa zama zetu. Imepokewa katika hadithi kuwa Salman al-Farsi alimzuru nduguye Abu Dardai, akamkuta mkewe hajipambi wala hajitengenezi, kwa kuwa mume alifunga mchana na kusali usiku, wala hakuwa na haja tena na mambo ya dunia. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye, na usiku ulipoingia akamlazimisha alale, kisha akamwamsha ulipokaribia mwisho wake wakasali wote wawili. Akamweleza ya kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alimsadiki Salman. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuila haki ya mwili, biashara na ofisi zitapata wapi ruhusa hiyo? Sheria za dunia nazo zilifika mahali pale pale kwa njia yake: mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1919, uliweka mpaka wa kazi za viwandani kuwa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma, na Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, katika kifungu chake cha 24, lilimpa kila mtu haki ya kupumzika na ya likizo yenye malipo.

Najua atatokea mtu aseme: maneno haya yanamfaa mwenye akiba, mimi hamali wa bandarini, au mimi mama ntilie niliyewasha moto tangu alfajiri, nikikaa kitako watoto watakula nini? Hoja hii ni nzito wala haifai kupuuzwa, kwa kuwa umaskini humnyima mtu usingizi kabla haujamnyima chakula. Lakini na tumtazame nahodha mwenye jahazi moja tu, ambalo ndilo shamba lake na ndilo duka lake. Kusi ikishika nguvu hulipandisha pwani maji yakijaa, akalikwangua uchafu wa bahari uliogandama, akatia kalafati ya pamba katika nyufa za mbao, akapaka chini deheni ya chokaa na shahamu, na mbavuni akapaka sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake husikika mtaa mzima. Siku hizo zote jahazi halimletei hata senti moja, wala hapana anayemwita mvivu, kwani kila mtu wa pwani anajua kuwa chombo kisichopandishwa hutobolewa na wadudu wa maji, na siku kinapozama huzama na shehena yake. Maskini ana chombo kimoja, nacho ni mwili wake. Kwa hiyo haja yake ya kukitunza ni kubwa kuliko ya tajiri. Asiyeweza kupata saa nzima na ajitengee robo saa, mradi robo saa hiyo iwe yake kweli. Na mwajiri aliyejaaliwa watu chini ya mkono wake na akumbuke kuwa mapumziko yao hayamo katika hisani zake, yamo katika madeni yake.

Nasaha ya kwanza basi ni wakati. Mtu akingoja kazi zimalizike ndipo apumzike, hatapumzika, kwa maana kazi huzaana. Na ajiwekee saa maalumu kama awekavyo saa ya kufungua duka. Siku yetu imekwisha kukatwa vipande na adhana, tangu alfajiri hadi isha, na baina ya adhuhuri na alasiri, jua linapokuwa kali, wazee wetu walikuwa na usingizi mfupi waliouita kailula. Na hata sasa, katika mitaa ya kale ya Lamu na Unguja, utayaona maduka mengi yamefungwa saa hizo, na wenyewe wamejinyoosha. Usingizi huo usipite nusu saa, kwani ukizidi humwamsha mtu na kichwa kizito na kumwibia usiku wake. Na usiku nao una haki yake: mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi za kulala, naye anayelala na simu mkononi, akizijibu salamu za watu wa mbali hali wa karibu wamekwisha kulala, hujidhulumu kwa hiari yake.

Nasaha ya pili ni kuutunza mwili kwa mkono wa upole. Hapa mila yetu ni tajiri, ila tumeiachia maharusi peke yao, kana kwamba ngozi ya mtu huhitaji kupendwa mara moja tu katika umri wake. Itazame liwa, ule mti wa harufu nzuri: husuguliwa taratibu juu ya jiwe la msio kwa marashi ya waridi hata ikawa rojo laini, ikapakwa usoni na shingoni, kisha ikaachwa ikauke ikiivuta ngozi, na aliyepakwa liwa hawezi kukaa mbele ya moto wala kugomba, kwani uso ukikunjamana liwa hupasuka, basi hulazimika kutulia apende asipende. Kuna na mafuta ya nazi ya kukandia miguu iliyosimama mchana kutwa, na asumini ya kutia katika mto wa kulalia, na udi wa kufukizia nguo. Wala mambo haya si ya wanawake pekee. Mwanamume aliyekandwa mgongo baada ya kazi nzito hapungukiwi na uanaume wake. Lakini ni mke gani atakayepata nafasi ya kusugua liwa, ikiwa yeye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala? Nyumba ambamo mmoja hupumzika kwa sababu mwingine hapumziki kamwe ni nyumba ya dhuluma, hata kama ina heshima nje. Mume na ateke maji, kijana wa kiume na akune nazi, ili mama naye aketi.

Nasaha ya tatu ni burudani pamoja na watu. Muuza kahawa apitapo jioni akigonganisha vikombe vyake, na dele lake lina makaa chini, watu huketi barazani kwa kahawa chungu na kashata, wengine wakaegemea bao lenye mashimo 32 na kete 64, akili ikashughulika na vita visivyomdhuru mtu. Wako waliopenda muziki, nao wakakutana kwa ajili yake: chama cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na kingali hai. Ila baraza ina adabu yake. Isiwe mahali pa kusengenyana, kwani masengenyo humrudisha mtu nyumbani amechoka kuliko alivyotoka. Na saa ya kuinuka ikifika, mtu na ainuke.

Nasaha ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kuyaheshimu mapumziko ya wenzetu. Sura ya An-Nur, katika aya yake ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani huamrishwa kuomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Mgeni basi na apige hodi mara tatu, na asipoitikiwa aende zake bila kinyongo. Na wenye nyumba wasimfunze mtoto kusema “hayupo” hali yupo. Inatosha kujibu kwa ukweli:

“Hodi! Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Babako amejinyoosha kidogo. Rudi baada ya alasiri.”

“Haya, mama, nitarejea. Msimwamshe.”

Katika maneno hayo machache hapana aliyevunjiwa heshima wala hapana aliyesema uongo.

Na nasaha ya mwisho ni kiasi. Mapumziko yasiyo na mpaka huzaa ulegevu, na ulegevu huzaa madeni, na madeni humfukuzia usingizi yule yule aliyependa kulala. Kipimo cha pumziko jema ni kuwa mtu ainuke nalo akiwa na hamu ya kazi na uso mkunjufu kwa watu wake. Basi, msomaji mwema, usingoje maradhi yakufunze. Leo hii chagua saa yako, iwe ndefu au fupi, uwaarifu watu wa nyumbani mwako, uwaulize na wao saa zao, kisha uitimize kama unavyotimiza ahadi uliyompa mtu unayemstahi.