Farasi Watatu: Jawabu kwa Kijana Atakaye Gari la Mbio

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya baharini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika masuala yaliyoletwa darsani limo moja ambalo twaona yafaa kulijibu mbele ya wote, kwani muulizaji ni mmoja lakini wenye haja ya jawabu ni wengi. Limetoka kwa kijana wa pwani akaaye Nairobi, mtaa wa Satellite, upande wa magharibi wa mji, ambaye kila siku hupanda matatu kushuka mjini kwenye kazi yake. Asema kwamba kwa muda wa miaka sita amedunduliza shilingi 2,200,000. Sasa ameona gari la Subaru la namna ya mbio, lenye mashini ya nguvu na mtambo wa kuisukumia hewa, nalo lauzwa shilingi 3,800,000. Benki i tayari kumkopesha zilizopungua, kwa riba. Mama yake yuko Mombasa, katika nyumba ambayo paa lake lavuja. Kisha aandika: "Sinywi pombe, sichezi kamari, sala hainipiti. Je, furaha hii moja nayo ni dhambi?"

Suala hili ni la mtu mkweli, na mkweli hajibiwi kwa kukemewa. Wako watakaomwambia upesi: "Haramu, hayo ni mambo ya dunia." Wako watakaomwambia: "Mali ni yako, yafanye utakavyo." Wote wawili wamekosa. Wa kwanza aharamisha kile ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha, na hilo ni jambo zito. Wa pili asahau kwamba mali ni amana mkononi mwa mja, naye ataulizwa ameyachuma wapi na ameyatumia katika nini, kama ilivyokuja katika hadithi ya Tirmidhi.

ASILI YA JAMBO NI HALALI

Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu awakanya wanaojiharamishia mapambo na riziki nzuri alizowatolea waja wake. Na katika Suratun Nahl, aya ya 8, ataja farasi na baghala na punda, ya kuwa tumepewa tuwapande na wawe pambo, kisha asema kwamba ataumba na vingine tusivyovijua. Tazama basi: pambo limetajwa pamoja na kupanda. Tena imepokewa hadithi ya kwamba katika mambo ya heri ya mtu ni nyumba yenye nafasi, na jirani mwema, na kipando kizuri.

Wala mbio zenyewe si dhambi. Ibn Umar (Radhi za Mungu zimshukie) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofunzwa mbio kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Naye Ibn Umar mwenyewe alikuwamo katika walioshindana. Kwa hivyo kijana ambaye moyo wake wasisimka kwa mwendo hana ila. Nchi hii ya Kenya imeyajua mashindano ya magari tangu mwaka 1953, yalipoanza yale yaliyokuja kuitwa Safari Rally, na mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda kwa gari la Subaru. Hata jina hilo Subaru, kwa Kijapani, ni la nyota zile ambazo Waarabu huziita Thurayya, na wazee wetu wakulima waliziita Kilimia na kupimia majira ya mvua. Hapana haramu katika chuma wala katika jina.

FARASI WATATU

Lakini jambo likiwa halali kwa asili yake, huweza kugeuka kwa nia ya mtu na kwa haki aliyoiacha nyuma. Na mizani yake tumekwisha kupewa. Bukhari amepokea kwa Abu Huraira (Radhi za Mungu zimshukie) kwamba Mtume (S.A.W.) amewagawa farasi mafungu matatu: yuko ambaye kwa mwenyewe ni thawabu, yuko ambaye ni sitara, na yuko ambaye ni mzigo wa dhambi. Wa thawabu ni yule aliyefungwa kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu. Wa sitara ni yule ambaye mwenyewe amemweka ili ajitosheleze asiombe watu, na asisahau haki ya Mwenyezi Mungu katika shingo yake na mgongo wake. Na wa dhambi ni yule aliyewekwa kwa kujifakharisha na kujionyesha na kuwafanyia uadui Waislamu.

Angalieni, ndugu zangu: mnyama ni mmoja, miguu minne ile ile, na mbio zile zile. Kilichowatenga ni moyo wa mwenyewe na haki zilizo shingoni. Kisha Mtume (S.A.W.) akaulizwa habari ya punda, akajibu kwamba hakuteremshiwa neno mahsusi juu yao, ila aya zile zenye kukusanya yote katika Suratuz Zilzala, kwamba atendaye wema wa uzito wa chembe atauona, na atendaye uovu wa uzito wa chembe atauona. Basi gari nalo, ambalo halikuwako zama zile, laingia chini ya aya hizo.

HAKI ZILIZOTANGULIA

Sasa ewe kijana, tuzihesabu haki zilizo shingoni mwa gari lako kabla hujalinunua.

Ya kwanza ni zaka. Fedha zilizowekwa zikifika kima cha thamani ya gramu 85 za dhahabu, zikapitiwa na mwaka, ni wajibu kuzitolea zaka, ijapokuwa mwenyewe amezikusudia gari. Katika shilingi 2,200,000 zaka ni shilingi 55,000. Na miaka iliyopita pia ihesabiwe, kila mwaka kwa kadiri ya fedha zilizokuwako, ikiwa hukuitoa. Fedha hizo si zako. Ni za maskini.

Ya pili ni mama. Katika Suratul Israi, aya ya 23, amri ya kuwatendea wema wazazi imefuatanishwa na amri ya kumwabudu Mwenyezi Mungu peke yake. Wanavyuoni wamesema kwamba kumkimu mzazi mhitaji ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, wala si hisani. Wewe waomba radhi ya kuketi katika kiti cha ngozi, na masika yakija mama azungusha sufuria sakafuni kukinga matone. Gari hilo likiletwa Mombasa likaegeshwa mlangoni pake, majirani watalitazama gari, kisha watainua macho walitazame paa.

Ya tatu ni Hija. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mwenye uwezo ana nafasi ya kuichelewesha maadamu ameiazimia. Lakini azma isiyowekewa hata senti moja ni maneno matupu.

Ya nne ni deni, na hapa ndipo penye moto. Shilingi 1,600,000 zilizopungua wataka kuzikopa kwa riba. Riba haina ufafanuzi mrefu: katika Suratul Baqara, aya za 275 mpaka 279, ndiyo dhambi ambayo Mwenyezi Mungu ametangaza vita juu ya watendaji wake. Wanavyuoni wakitaja dharura inayofungua mlango wa kilichokatazwa, wataja njaa ya kifo na mfano wake. Gari la kufurahia si dharura, wala si haja, ni pambo. Wala usiseme hapana njia nyingine, kwani tangu mwaka 2008 nchini Kenya mna mabenki yafuatayo sharia ya Kiislamu. Hata hivyo, deni la halali nalo ni deni, na mtu hafai kujifunga kongwa la miaka kwa ajili ya pambo.

Tena usidhani bei ndiyo mwisho wa hesabu. Sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari lililopita miaka minane, na ushuru wake hupanda kadiri ya ukubwa wa mashini. Ndiyo maana magari haya ni ghali tangu bandarini. Baada ya hapo waja petroli, na magurudumu ya mwendo mkali, na bima, na vipuri, na fundi anayeijua mashini hiyo. Usione vyaelea, vimeundwa; na vilivyoundwa vyataka kutunzwa. Thamani ya gari yashuka kila mwaka, na deni lako lasimama pale pale na riba yake.

MWENDO NA ROHO ZA WATU

Na tuulize: mwendo huo utauonyesha wapi? Sheria ya mji ni kilomita 50 kwa saa, na katika njia kuu gari la mtu binafsi lisipite 110. Barabara ya Naivasha, ipitayo hapo Satellite, asubuhi na jioni imejaa matatu na bodaboda, na kinamama wenye mboga, na watoto wa shule wavukao. Gari la kupita kilomita 200 litatambaa nyuma ya matatu kama mengine yote. Halitapata pa kukimbia ila usiku, njia zikiwa tupu, au katika njia ya Mombasa baina ya malori; na hapo ndipo mauti yanapongoja.

Kila mwaka tangu 2021 mpaka 2024 zaidi ya watu 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya. Na wajuzi wa mambo ya mwendo wanatufundisha kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo huzidi mara nne. Katika Suratun Nisai, aya ya 29, tumekatazwa kujiua nafsi zetu. Na Mtume (S.A.W.) amekana imani kamili ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Basi yule atoboaye bomba la moshi ili gari lingurume usiku wa manane, akamwamsha mgonjwa na mtoto mchanga, naisome wasia wa Luqman kwa mwanawe katika Suratu Luqman, aya za 18 na 19: amemkataza kutembea kwa maringo, akamwamuru mwendo wa kiasi, na kuteremsha sauti, akamtajia sauti ya punda kuwa ndiyo mbaya kuliko zote.

NGAMIA ALIYESHINDWA

Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa katika mbio. Akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito mioyoni mwao. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila akishushe. Hadithi hii ni ya Anas, na Bukhari ameipokea. Ikiwa ngamia wa Mtume alipitwa, gari gani halitapitwa? Mwaka ujao litakuja jingine lenye nguvu zaidi, na macho yaliyokuwa yakikutazama yatageukia huko. Aliyenunua kwa ajili ya macho ya watu atanunua tena na tena, wala hatashiba.

Na katika haya sisi wazee tuna fungu letu. Kijana akija kuposa, wangapi wetu huuliza habari ya sala yake kabla ya kuuliza apanda nini? Akirudi kutoka Nairobi kwa basi, twamwona hakufaulu. Akirudi na gari la mkopo, twamfungulia sebule. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliitumia kalamu yake kuwaamsha watu wa pwani waangalie dini yao na hali zao. Laiti tungesikia. Twawasukuma vijana wetu kwenye riba kwa macho yetu, kisha twawalaumu kwa ndimi zetu.

JAWABU LETU

Kwa hivyo, ewe mwanetu, jawabu ni hili. Furaha yako si dhambi. Lakini gari hili, kwa mkopo huu, na paa lile likivuja, usilinunue. Toa zaka. Tengeneza paa la mama. Weka fungu la Hija, japo dogo. Ukibakiwa na kiasi na una haja ya kipando, nunua gari la wastani kwa fedha taslimu, nalo litakuwa farasi wa sitara. Ukipenda mbio, nenda kwenye uwanja wa mashindano, penye kofia ya chuma na waamuzi, bila kamari; na kutazama nako hakulipiwi riba, maana fahari ya macho haifilisi duka.

Na ikiwa baada ya miaka Mwenyezi Mungu atakukunjulia, ukawa huna haki ya mtu shingoni, wala deni, wala haja ya kutazamwa, basi nunua ulipendalo, useme dua ya kupanda iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya za 13 na 14, ambayo mwisho wake yakumbusha kwamba sote kwa Mola wetu tutarejea. Wakati huo hatutakulaumu. Mwenyezi Mungu apenda kuona athari ya neema yake juu ya mja wake. Lakini neema huonekana kwanza kwa mama, na kwa maskini, kisha barabarani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, awahifadhi vijana wetu katika safari zao, na avijaalie vipando vyetu kuwa sitara kwetu, visiwe mzigo Siku ya Kiyama. Amin.

Wallahu aalam.