Macho ya Dereva ni Mali ya Nani?

Aghalabu mtu hupima wema wa chombo kwa kazi kinayomfanyia. Ni mara chache hukipima kwa kile kinachomdai. Jembe hudai mgongo, kalamu hudai subira, na motokaa hudai macho. Nimelazimika kuwaza habari hii kwa sababu ya asubuhi moja ya mwezi wa Julai, katika njia itokayo Arusha kwenda Namanga.

Wanaoijua njia hiyo wanajua kuwa ina majira mawili katika safari moja. Kuanzia Sakina hata Ngaramtoni na Olmotonyi, ubavuni mwa Mlima Meru, ukungu wa kipupwe hulala juu ya lami mpaka jua lipande. Ukipita Oldonyo Sambu nchi hukauka. Vumbi hutafuta kila upenyo, na ufikapo Longido hutamani hewa baridi. Dereva basi hana budi kubadili hewa ya chombo chake mara tatu au nne kabla ya kufika mpakani.

Motokaa niliyoendesha ilikuwa ya kuazima, nayo ilitumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Mambo yote ya hewa yalikuwa ndani ya skrini ya kugusa, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Karibu na Ngaramtoni pumzi zetu, watu wanne, zilikutana na ubaridi wa kioo cha mbele, kikafunikwa na ukungu kwa ndani. Dawa yake ni nyepesi: kuelekeza kwenye kioo hewa ya joto, au iliyokaushwa na kiyoyozi, na kuiruhusu hewa ya nje iingie. Dawa niliijua, mlango wa dawa sikuujua. Niligusa alama moja, ikafunguka ramani. Niligusa nyingine, muziki ukanyamaza. Nilipoinua macho, mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alikuwa mbele yangu, hatua chache tu. Nilikanyaga breki. Alisimama, akanitazama, akasema, “Pole, baba,” akaenda zake. Pole ile imeniuma kuliko tusi.

Kosa lilikuwa la nani? Sheria ingesema langu, nami sikatai. Ningaliweza kusimama kando ya njia kwanza. Wala kwa upande wa lugha mtengenezaji hakunidhulumu. Alimshonea koti mtu wa nchi yake. Sisi tulilinunua likiwa kuukuu, kisha tukalalamika kuwa halitutoshi. Lakini lugha ni nusu ya neno. Maandishi yale hata yangalikuwa Kiswahili safi, ningalipaswa kuyatazama. Skrini ni laini kama uso wa maji. Kidole hakipati pa kushika, hivyo jicho huitwa kukiongoza. Swichi ya zamani ya kuzungusha ilikuwa na rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Mjapani, Mmeru na Mwarusha waliielewa bila mkalimani, na baada ya siku tatu mkono uliijua hata gizani.

Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Mwaka 2022 jarida la Uswidi liitwalo Vi Bilägare lilipima muda wa kufanya kazi ndogo nne, kama vile kupandisha joto na kuwasha redio, katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ya mwaka 2005, yenye vitufe, zilikwisha kwa sekunde 10. Katika motokaa mpya iliyoshindwa kuliko zote zilichukua karibu sekunde 45, yaani zaidi ya kilomita moja na robo ya njia.

Mpenzi wa skrini atajibu kwamba hukusanya kazi mia mahali pamoja, na huweza kurekebishwa bila bisibisi. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo hubaki kiwandani, na hasara huweza kumwangukia mwenda kwa miguu, ambaye hakuiuza motokaa, hakuinunua, wala hana kiti ndani yake. Hapo ndipo ninapoona kuwa jambo hili limetoka katika ufundi na kuingia katika haki. Dereva akiwa nyumbani, macho yake ni yake. Akiwa barabarani ni amana ya wapitao, naye hana ruhusa ya kuyakopesha. Basi amwombaye dereva sekunde kumi za macho yake anaomba kwa mtu asiyekuwa na mamlaka ya kuzitoa, na amana ikipotea, mwombaji naye ana sehemu yake ya lawama.

Zamani niliwacheka madereva wa watalii mjini Arusha walioshikilia Land Cruiser zao zenye swichi za kuzungusha, nikidhani wameshindwa na maendeleo. Sasa siwacheki.

Jioni niliirudisha motokaa, nikamsimulia mwenyewe yaliyonipata. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akasema kuwa hata yeye hajapata kuijua alama ile. Asubuhi za Julai huendesha dirisha likiwa wazi, na kitambaa cha kufutia kioo mapajani.